Koti la Ukuta wa Magharibi

Ukuta sijawahi kuuamini. Nimezipaka kuta, nimezisugua, nimelala kwenye kivuli chake mchana wa jua kali, na bado nikiingia kwa mtu natanguliza kidole. Nagonga, nasikiliza, halafu ndiyo nasalimia. Wajukuu zangu wanasema ni kukosa adabu. Sawa. Lakini hakuna ukuta wangu uliomwangukia mtoto wa mtu.

Sasa mgongo umekataa, nimeacha kazi, na nyinyi wasichana mliobaki kwenye shantie, huko kunakojengwa, mmeniomba niwaandikie. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Tafuteni makosa kwenye kuta zenu, yako mengi. Habari ya malipo siandiki, wala nani alimfanya nani mkubwa wa kundi. Nitaandika namna koti la ukuta linavyodumu, na namna linavyodanganya watu.

Hapa Rumonge, kwetu Burundi, nyumba nyingi za mjini zilijengwa kwa matofali mabichi. Ukuta wa mashariki hauna neno. Ule wa magharibi, unaotazama ziwa, ndio unaoteswa. Jua linaukaanga kuanzia adhuhuri mpaka lizame nyuma ya milima ya Kongo, na masika upepo wa ziwani unaleta mvua ya kulala, inauchapa kama fimbo. Ndani ya stoo mawese yanachemka kwenye pipa, ndagala, wale dagaa wetu, zinanuka mpaka barabarani. Ndiyo maana mama zetu waliuvisha ukuta koti. Unasimamisha matete mbele ya ukuta, unaacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya matete na tofali, unayafunga kwa kamba za mgomba, halafu unakandika juu yake udongo wa kichuguu, mchanga wa mto, samadi na makapi ya mawese, yale manyuzi yanayobaki baada ya kukamua. Ile nafasi tupu ya katikati ndiyo inayozuia joto. Nje kunawaka, ndani tofali limepoa.

Kazi nilifundishwa na Bi Mwamini. Wazazi wake walikuja kutoka Ujiji wakati wa wazungu, naye alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa kukata. Siku ya kwanza nilichovya mkono kwenye udongo, akaniangalia.

"Huo mkono unafanya nini humo?"

"Ni mkono wangu, Bi."

"Ni wa kushoto. Watu watakula ndani ya nyumba hii."

"Watakula kwenye sahani, Bi. Hawatakula ukuta."

Wanawake wote wakacheka. Yeye hakucheka, alinipiga na tonge la udongo hapa shavuni. Kisha akanifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga, nikapaka kwa wa kulia. Kila nilichobandika kilianguka. Alivumilia, akavumilia, mwisho akanifungua mwenyewe.

"Haya, Kushoto, paka. Mwenye nyumba akiuliza, mimi sijakuona."

Jina likabaki. Mpaka leo sokoni hakuna anayejua jina nililopewa na baba yangu. Na mkono ule ulikuwa na alama yake. Mwanamke anapopaka ukuta, kiganja kinaacha mapinde madogo, moja juu ya jingine, kama magamba ya samaki. Mapinde ya wenzangu yote yalifungukia upande mmoja. Yangu yalifungukia upande wa pili. Bi Mwamini alikuwa anapita barabarani, anatazama nyumba kwa mbali, anasema, "Ule ni wa Kushoto," na anakwenda zake. Alipoanza kusema hivyo bila kukunja uso, nilijua nimejifunza.

Kabla ya hapo nilimfedhehesha. Tulikuwa tunapaka nyumba ya muuza samaki, mto ulikuwa mbali, na pale uani palikuwa na pipa la maji. Mimi mvivu nikachota humo. Kumbe ni maji waliyooshea samaki wa chumvi. Koti lilikauka vizuri, zuri kweli, wote walilisifu. Kisha mbuzi wa mtaa mzima wakahamia pale. Wanalamba. Asubuhi wanalamba, adhuhuri wanalamba, ukiwafukuza wanazunguka nyumba na kurudi. Walilamba mpaka matete yakatokea. Mwenye nyumba alikuja kwa Bi Mwamini akiwa ameshika beberu kwa pembe.

"Mama, huyu anakula nyumba yangu."

Bi Mwamini alilamba ukuta yeye mwenyewe, mbele yetu sote, akatema. Hakunisema pale. Njiani ndiyo aliniambia, "Maji usiyoyaonja usiyatie. Mchanga usiouonja usiutie. Na mtu akikuambia huu mchanga ni wa mtoni, mwangalie miguu kama ina tope la mto." Tangu siku hiyo naonja kila kitu. Mchanga wa pwani ya ziwa una vipande vya konokono, unasaga kwenye meno. Mchanga wa mtoni hausagi hivyo. Wauza mchanga wananichukia, na mimi siwapendi pia.

Uhuru ulipokaribia, mji ulitaka kuvaa. Ilitoka amri kwamba nyumba za barabara kubwa zipendeze kwa sikukuu, na kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, akaja antreprenari mmoja, mkandarasi, na lori la simenti. Alikuwa na taloshi, kile kibao cha kusawazishia, na viatu vyeupe. Alisema habari ya matete ni ushenzi, serikali mpya haitaki nyumba zilizovaa nyasi. Alibomoa makoti yetu ya magharibi mtaa mzima, akapiga krepi, yaani plasta ya simenti, moja kwa moja juu ya tofali bichi. Kuta zikawa nyororo kama yai. Watu waliziparuza kwa vidole wakifurahi.

Bi Mwamini aligonga mmoja, akaweka sikio.

"Unasikia nini, Bi?" nikamuuliza.

"Nasikia watu wawili wasiotaka kuoana."

Siku ya sikukuu tulicheza ngoma mbele ya kuta zile mpaka miguu ikavimba, na mimi nilicheza kama wengine, siwezi kusema uongo. Masika ya kwanza maji yaliingia kwa juu, kwenye ufa mwembamba ambao hata kucha haiingii. Tofali likanywa maji, likavimba, na simenti haikuliruhusu lipumue. Krepi ikaanza kushuka vipande vipande, vikubwa kama milango. Antreprenari hakuonekana tena na viatu vyake. Walikuja kutuita sisi na nyasi zetu.

Msinielewe vibaya, simenti sio adui yangu. Mimi mwenyewe nimeipaka, kwenye tofali la kuchoma, na nimeipaka vizuri. Lakini likija koti lolote, hata hayo ya siku hizi ya sponji nyeupe na wavu wa plastiki yanayobandikwa kwenye maghorofa ya Bujumbura, uliza mambo yale yale. Maji yakiingia yatatokea wapi? Kichwani limefunikwa na nini? Miguuni limeinuliwa kutoka ardhini, au limekaa kwenye matope kama mwanamke aliyechoka? Na limeshikwa na nini, maana gundi pekee ni ahadi tu. Koti halifi katikati. Linafia kwenye pindo, kwenye kona ya dirisha, pale ambapo fundi alikuwa ana haraka ya kwenda kula. Halafu gonga. Koti lililobandikwa kwenye ukuta, likilia tupu limeachia. Koti letu la matete ni kinyume chake: lazima lilie tupu kila mahali. Likilia limejaa, kuna kitu kimeanguka ndani, udongo au kichuguu kipya cha mchwa, na hapo joto linapita.

Hilo la mwisho mlishike, ndilo lililonileta kwenye mambo ya mwaka wa sabini na mbili.

Mwaka ule sitausimulia wote. Waliokuwepo wanaujua, na wasiokuwepo wawaulize wazee wao. Vita viliingia pwani hii mwishoni mwa masika, watu wakauawa, kisha wakaja askari na watu wakaanza kuchukuliwa. Lori linasimama, jina linaitwa, mtu anapanda, basi. Wengine walivuka ziwa kwa mitumbwi. Ukionekana na kitu cha aliyekimbia, chungu chake au baiskeli yake, unaambiwa unajua alipo, na wewe pia unapanda lori.

Bi Mwamini alikuwa ameshakufa kwa ugonjwa wake, nilikuwa mimi mkubwa wa kundi. Kiangazi kilianza, na kiangazi ndiyo wakati wetu wa kukandika. Mwaka ule hakuna aliyetuita. Udongo mbichi ukutani ulikuwa unaleta maswali. Jirani anapita anasema, "Naona umepaka," na wewe unakosa usingizi. Watu waliacha mashimo yabaki mashimo. Mimi nilipita mtaani nikiona kuta zinaharibika na nikanyamaza, na kila aliyeniangalia nilijiuliza anataka nini.

Asubuhi moja askari alisimama mlangoni kwangu.

"Ni wewe banaita Kushoto?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Shefu anakutafuta. Kwa Mama Shabani."

Mama Shabani alikuwa mke wa mfanyabiashara wa ndagala. Bwana yake alikwenda Kigoma na mzigo kabla ya vita na hakuweza kurudi, akabaki na watoto na stoo. Lile koti la magharibi la stoo nililipaka mimi, miaka michache baada ya Uhuru. Njiani nilikuwa nahesabu tasbihi bila tasbihi.

Nilimkuta amekaa chini uani, kanga imeshuka begani, watoto wamejibana nyuma yake. Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, alikuwa amesimama, Laurenti, mtu wa hapa hapa, mrefu, mpole wakati wa amani. Pembeni yake askari mwingine mwenye bunduki na nyundo. Na ukutani, chini kidogo ya dirisha, kiraka cha udongo mpya, kikubwa kama mkeka wa kuswalia, bado kina giza la maji.

"Amahoro, mama," Laurenti akasema. "Huyu mama anasema kiraka hiki ni kazi yako. Ni kweli?"

Nilikiangalia. Udongo haukupepetwa. Makapi hayakuoshwa, mafuta yalikuwa yanang'aa juu. Na mapinde yalifungukia upande usio wangu. Aliyepaka pale alipaka kwa mkono wa kulia, tena kwa haraka, tena akitetemeka. Mama Shabani hakuinua uso. Aliona miguu yangu tu.

Nilimkasirikia, nawaambia ukweli. Nilijiuliza ameweka nini humo, bunduki ya nani, na kwa nini jina langu. Nikisema si yangu, yeye anapanda lori na watoto wanabaki uani. Nikisema ni yangu na kikatoka kitu, tunapanda wote. Na kundi langu lote lilijua kwamba mimi sitii jina langu kwenye kazi mbovu ya mtu, hata ya dada yangu.

"Ni yangu," nikasema.

"Mbona ni mbaya hivi?" akauliza askari wa nyundo. Hata yeye aliona.

"Macho yangu yanauma. Na udongo wa mwaka huu ni mbaya, kila kitu cha mwaka huu ni kibaya."

Akagonga kwa nyundo juu ya dirisha. Ukuta ukalia, bu.

"Iko tupu," akamwambia mwenzake. Akagonga kushoto, bu. Akagonga karibu na mlango, bu. Macho yakamtoka. "Ukuta wote iko tupu. Wameficha kila mahali."

"Ni koti, mwanangu," nikasema. "Liko tupu lote, ndivyo linavyozuia jua. Nyumba za mtaa huu zote ziko hivyo. Utavunja mtaa mzima?"

Kisha akagonga kiraka. Kikatoa sauti nzito, fupi, kama kugonga gunia. Askari hakuona neno, yeye alikuwa anatafuta tupu. Lakini mimi nilisikia, na nilipoinua macho nikamwona Laurenti ananitazama mimi, sio ukuta. Koti la nyumba ya mama yake nililipaka mimi. Laurenti ndiye alikuwa anatuletea maji enzi zile, na alikuwa anajua kugonga.

"Tuvunje hapa tuone," askari akasema.

"Vunja," nikajibu, na sauti yangu sijui ilitoka wapi. "Lakini udongo bado mbichi na matete ya juu yameegemea hapo. Ukivunja hapo linashuka lote, na wewe uko chini yake. Mimi nimeshawaona waliofukiwa."

Askari akamwangalia shefu. Shefu akauangalia ukuta kwa muda mrefu, mpaka mtoto mmoja wa Mama Shabani akaanza kulia na mama yake akamziba mdomo.

"Huyu mama namjua," Laurenti akasema. "Twende, jua linachoma."

Wakaenda. Sisi wawili tukabaki uani, tukisikiliza hatua zao mpaka zikaisha barabarani.

"Kuna nini humo?" nikamuuliza.

"Usiniulize, Kushoto."

"Umetumia jina langu, halafu nisikuulize?"

"Ukijua na wewe watakuuliza."

"Umepaka vibaya. Nani alikufundisha kupaka? Hata makapi hukuosha."

Hapo ndipo alicheka, kicheko kibaya chenye machozi, na mimi nikaenda kutafuta udongo. Kiraka kile hakikuweza kubaki. Mtu yeyote wa kazi yetu angepita barabarani na kukisoma. Nilikibandua kwa vidole, na vidole vikaingia kwenye kitu laini chenye matundu. Wavu. Nyavu za nailoni, zimekunjwa na kushindiliwa, na vyelezo vyake vya mti mwepesi, kila kimoja kimechongwa msalaba mdogo. Nyumba ya Waislamu haichongi msalaba kwenye vyelezo. Zilikuwa za Nestori, jirani yake mvuvi, aliyevuka ziwa na mke na watoto, bila kitu mkononi. Nyavu ndizo zilikuwa maisha ya mtu yule. Mama Shabani alikuwa amemtunzia kazi yake ili akirudi akute anapoanzia.

 Nilichanganya udongo vizuri, nikaosha makapi kwa majivu, nikaonja maji, nikapaka juu ya nyavu zile kwa mkono wangu wa kushoto, mapinde yangu, na nikasugua kwa jiwe mpaka kiraka kikapotea. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na hakuna aliyenisifu. Mama Shabani amekufa. Mwaka jana nilipita pale, nikagonga. Bado pamejaa.

Siku chache baadaye Laurenti alikuja kwangu peke yake, mchana, bila kofia yake ya shefu. Nilijua amekuja kunimaliza. Nilimpa kigoda, akakaa, akauliza habari za watoto, akauliza mpaka nikachoka kuogopa.

"Sema shida yako, shefu."

"Ukuta wangu wa magharibi, mama. Nataka koti."

"Wakati huu? Watu watasema."

"Mimi ndiye ninayeuliza watu, nani ataniuliza mimi?" Akatazama mlango. Kisha akashusha sauti. "Chini ya dirisha, acha mahali ninapoweza kufungua na kufunga. Padogo."

"Padogo kiasi gani?"

"Mama, siku ile nilikuuliza mengi?"

Sikumwamini. Nilifikiri ni mtego, nikipaka nafasi ya kuficha, ndiyo ushahidi wangu huo. Lakini kumkataa shefu mwaka ule ilikuwa ngumu kuliko kumkubali. Nilikwenda na wanawake wawili. Tulifunga matete, tukakandika, na chini ya dirisha niliacha tundu, nikalikatia kifuniko chake cha udongo na matete kinachoingia sawasawa. Yeye alikuwa anatoka ndani mara kwa mara kututazama, anasimama, anarudi. Nilimwambia asubiri lote likauke ndipo afunge, kifuniko kikibanwa kibichi kitapasuka. Akasema atasubiri.

Koti halijakauka, lori likasimama kwake. Aliyeita jina lake alikuwa yule yule askari wa nyundo. Hakuna aliyeuliza kwa nini, nilikuwa barabarani na mimi sikuuliza. Laurenti alipanda bila kugeuka.

Mke wake alituma nije nimalizie. Niliogopa kwenda na nilikwenda. Alikuwa amesimama mbele ya lile tundu chini ya dirisha, mikono amejikumbatia.

"Aliniambia kuhusu hili," akasema. "Hakuniambia anaweka nini. Mimi siwezi kutia mkono. Tazama wewe."

Nilipiga magoti, nikaingiza mkono mpaka begani. Nikapapasa chini, nikapapasa juu mpaka kwenye kamba za mgomba, nikapapasa pembeni kote. Tofali lilikuwa limepoa vizuri.

"Kuna kitu?"

"Hakuna, mama. Hakuwahi kuweka."

Akauangalia ukuta.

"Basi ziba," akasema.

Nikaziba.